Jikoni Iliyopimwa kwa Kamba ya Maiti

Likasi, tarehe 2 Machi 1970

Mutoto wangu Zaina,

Salaam nyingi, za kujaza wagoni mbili za treni na zingine zining'inie mulangoni. Minye baba yako niko muzima. Kichwa kizima, tumbo zima, magoti tu ndiyo yanaleta maneno asubuhi, na minye nayajibu. Na weye je? Bwana yako Nicolas iko muzima? Wale wajukuu wangu watatu wanakula vizuri? Kama hawali usiwapige, kosa ni la mupishi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa miwani, mara ya pili kwa hasira. Unasema niuze nyumba, nikuje Kolwezi nikae kwenu kambini. Unasema chumba iko tayari, kitanda cha chuma, dirisha inaangalia barabara. Unasema tangu nilipoanguka bafuni mwezi wa kumi na mbili, nikalala chini mpaka jirani Mama Philomène aliponisikia, weye usingizi umekukimbia. Asante, mutoto wangu. Roho hiyo umeitoa kwa mama yako marehemu Mayimuna. Lakini jibu ni hapana, na minye nikisema hapana hata treni inangojea.

Sasa nitakuambia ukweli, kwa sababu karatasi haina aibu. Sikuanguka bafuni. Nilianguka jikoni.

Unajua nyumba hii niliinunua kwa Mugiriki muuza mikate, mwaka ule aliorudi kwao. Jikoni aliijenga kwa kipimo chake, na yeye alikuwa murefu kama nguzo ya umeme. Meza ya kukatia inanifika kifuani. Kabati za juu sizifikii hata kwa mwiko. Kwa hiyo napika nimesimama juu ya kreti ya bia, na hiyo ndiyo kazi moja tu ambayo bia imewahi kunifanyia. Siku ile kreti iliteleza. Kilichoniangusha si uzee, Zaina. Ni urefu wa Mugiriki.

Na si yeye peke yake. Miaka thelathini na nne nimepikia watu. Nimepika Albertville, nimepika Elisabethville, nimepika ndani ya treni ya wakubwa, na pale kwenye kona kabla ya Tenke supu yangu haikumwagika hata tone. Konsuli mumoja alilia juu ya samaki wangu, na hakukuwa pilipili ndani. Majikoni kumi na mbili, yote yalijengwa kwa kipimo cha madamu ambaye hakuingia mule hata siku moja. Minye muntu mufupi nilipanda kreti asubuhi, nikashuka jioni. Sasa nataka jikoni moja, ya mwisho, inayonifika minye. Makabati yote mapya, ya kunipimia mwilini, kama koti kwa fundi wa cherehani.

Kwenu Kolwezi nitakaa sebuleni nikingojea sahani. Nawajua watu wanaongojea sahani, nimewahudumia. Wanazeeka vibaya.

Natafuta fundi. Maulidi inaangukia mwezi wa tano, na siku ile nataka avenyu nzima ile pilau kutoka jikoni mupya. Kama unajua fundi, sema. Kama unajua mununuzi wa nyumba, nyamaza.

Baba yako,
Idi


Kolwezi, tarehe 16 Machi 1970

Baba yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Sisi wote wazima. Yule mdogo alikuwa na kikohozi, sasa anakohoa kwa kudanganya tu ili apewe asali. Nicolas anakusalimia sana. Namshukuru Mungu kwamba magoti yako bado yanasikia maneno yako, maana mimi mtoto wako sijui nisimame wapi ili unisikie.

Kumbe ni jikoni. Miezi mitatu umeniacha nikiogopa sabuni ya bafuni. Nilikutumia mkeka wa mpira kwa treni, na ukaniandikia kwamba umekusaidia sana. Baba, hata uongo unaupika mpaka unaiva.

Haya, sitagombana juu ya jikoni. Ila tuifanye kwa akili. Nicolas ana binamu yake, Georges, yuko hapohapo Likasi, ana kazi yake ya ujenzi na kamyoneti yenye jina lake mlangoni. Amewatengenezea wakubwa wengi. Kabati anazichagua ndani ya katalogi, zina formika juu, unafuta kwa kitambaa tu, na baada ya siku nne kazi imekwisha. Tena nyumba yenye jikoni ya namna ile inapata mtu haraka, siku utakapobadili mawazo. Nimesema siku utakapobadili. Usirarue barua.

Watoto wananiuliza babu yao anafananaje. Nimewaambia ni mfupi na ana kelele. Wamesema basi aje. Nami nasema hivyohivyo. Usiku mmoja utaanguka tena, na Mama Philomène atakuwa kanisani.

Nimemwandikia Georges. Mpokee vizuri.

Mtoto wako,
Zaina


Likasi, tarehe 6 Aprili 1970

Zaina wangu,

Nakusalimia kwa mikono miwili, kwa sababu moja haitoshi kwa habari niliyo nayo. Afya yangu ni ya kijana wa miaka hamsini. Asali umupe tu yule mudogo. Mutoto anayejua kudanganya kwa kikohozi atafika mbali, damu yangu hiyo.

Georges alikuja. Nilimupokea vizuri, nakuapia, nilimupa chai ya tangawizi na mandazi. Anavaa viatu vyeupe kwa kazi ya saruji, na kifuani iko na beji ya Chama kubwa kama kifuniko cha sufuria. Hakuingia jikoni. Alisimama mulangoni, akatazama, akafungua katalogi juu ya meza ya sebule, akaniambia nichague rangi. Nilichagua rangi ya kijani. Halafu nikamuuliza itanifika wapi. Akasema meza zote ni sentimeta tisini, hiyo ndiyo kipimo, Ulaya yote inapika kwa sentimeta tisini, hata wakubwa wa Lubumbashi. Nikasimama karibu na ukuta, nikamuonyesha sentimeta tisini ni wapi juu ya tumbo langu. Akacheka kwa heshima. Akasema hivi:

«Papa, kabati hatutengenezei muntu. Tunatengenezea nyumba. Kesho ataingia mwengine.»

Nikamujibu: «Basi nyumba ipike.»

Mandazi alimaliza. Hiyo namupa, ni muntu anayejua kitu kizuri. Lakini nimemusindikiza mupaka kwenye kamyoneti yake na nimefunga mulango wake minye mwenyewe, polepole, jina lisikwaruzike. Umuombe Nicolas asikasirike. Kesho ataingia mwengine, anasema. Minye sijatoka.

Sasa fundi nimemupata. Jina lake Mathieu, Mukatoliki, muntu wa maneno machache, nyumba yake iko kwenye njia ya Kakontwe. Ni fundi wa mbao. Mbao gani, utauliza. Anatengeneza sanduku za maiti.

Kaa chini kwanza, halafu endelea kusoma.

Nilikwenda kwake minye mwenyewe. Nimezunguka kwa mafundi watatu mbele yake. Mumoja kabati zake zinafungwa kwa teke. Wa pili alinidai nimuletee misumari. Wa tatu alikuwa analala. Kwa Mathieu nilikuta sanduku moja la mulombwa, ule muti mwekundu, lilikuwa kwenye uwanja likingojea mwenye nalo. Nikatoa barua yako mufukoni, nikajaribu kupitisha karatasi kati ya kifuniko na ubao. Haikupita. Nikazunguka pande zote nne. Haikupita popote, na ndani hakuna musumari, mbao zimeshikana kama vidole vya watu wanaosali. Nikamuuliza kwa nini anajichokesha hivyo kwa kitu kinachoenda chini ya udongo. Akasema kitakachoingia ndani hakiwezi kurudi kulalamika, kwa hiyo lazima aogope yeye mwenyewe. Zaina, nimetafuta maneno ya namna ile kwa mupishi miaka thelathini na nne.

Watu hapa wanamuogopa. Wanasema kamba yake imezoea maiti, na kitu chochote kinachotoka mukononi mwake kinaita kifo nyumbani. Hakuna muntu amewahi kumuomba hata kiti. Ile ni mambo ya Wakatoliki, kwa sababu wao ndio wanaingia kwenye sanduku. Sisi tunazikwa kwa sanda. Ubao wa Mathieu hautanipata hata nikifa, basi nikiwa muzima utanifanya nini?

Jumamosi anakuja kunipima.

Baba yako,
Idi


Kolwezi, tarehe 20 Aprili 1970

Kwa yeyote anayefungua barua hii katika nyumba ya Mzee Idi, Likasi,

Nakusalimu, ndugu au mama, sijui wewe ni nani. Mimi ni Zaina, binti yake. Tangu mwezi wa tatu sijapata barua yake.

Jumatano Floribert, dereva wa kamyo ya samaki wa ziwa Tshangalele, alisema sokoni kwetu kwamba Jumamosi Baba alilazwa chini juu ya mkeka, uwanjani, macho yamefungwa, na fundi wa sanduku alikuwa juu yake na kamba. Amesema alipita avenyu ya Baba, wanawake walikuwa wanashika vichwa. Nilivua hereni palepale. Majirani wameniletea unga na makala ya kupikia, wamekaa nami siku mbili. Nicolas alikwenda gare kutafuta treni, treni ya Alhamisi haikuja.

Halafu jana nimepata barua ya Mzee Lukumani wa msikiti. Naye ananiandikia kwa hasira kwamba Baba ameacha dini, amepimwa sanduku kama Mkatoliki, na kwamba kosa ni langu kwa sababu nimeolewa na Nicolas na Nicolas amemgeuza moyo. Anasema amemuona Baba Jumatatu kwa macho yake, anakunywa chai.

Mtu aliyekufa Jumamosi hanywi chai Jumatatu. Kwa hiyo sijui kama nilie au nikasirike, na unga wa watu umejaa nyumbani.

Kama Baba yuko hai, umwambie binti yake anangoja mwandiko wake, si wa mtu mwingine. Kama hayuko, niambie amelala wapi.

Zaina


Likasi, tarehe 27 Aprili 1970

Mutoto wangu,

Minye marehemu nakusalimia. Huku ahera hewa ni nzuri, chai iko, wajirani ni walewale.

Vaa hereni zako. Unga usirudishe, pika bukari, uwaite wale waliokuletea, uwaambie baba yako amefufuka na anataka wale. Lakini najua nimekutesa, na hiyo sikuifurahia. Siku mbili umenililia bila minye kuwa na habari. Nisamehe. Sasa sikiliza ilivyokuwa, kwa sababu kila muntu amekuambia robo.

Mathieu alifika saa nne asubuhi na kamba yake yenye mafundo. Hapimi kwa meta. Jikoni ilikuwa na giza, tukatoka uwanjani. Nikasimama mbele yake. Akashika kamba, akanizunguka mara moja, mara mbili, akasimama. Nikaona jasho kwenye shingo yake. Nikamuuliza shida iko wapi. Akainama, akaniambia polepole kwamba tangu aanze kazi hajapima muntu aliyesimama. Mukono wake haujui kuanza wapi.

Kila fundi na desturi yake. Minye mwenyewe siwezi kukata kitunguu bila kupiga mwimbo wa mudomo. Nikaleta mukeka, nikalala. Palepale mikono yake ikatulia. Alinipima kisigino mupaka bega, bega mupaka kiwiko. Aliniambia ninyooshe mukono kama natafuta chumvi juu, nikanyoosha. Aliniambia nikunje kiwiko kama ninasonga bukari, nikasonga hewa. Na macho nilifunga kwa sababu jua la saa nne lilikuwa limesimama juu ya pua yangu. Muntu afanye nini?

Mama Philomène alikuwa kwenye lupango wake, anaanika mihogo. Aliona mukeka, aliona kamba, aliona macho yangu. Akafanya alama ya musalaba na akakimbia barabarani bila viatu. Kabla Mathieu hajafunga fundo la mwisho, avenyu ilikuwa imejaa. Nikakaa kwenye mukeka, nikawasalimia wote habari za asubuhi. Mwanamuke mumoja alianguka.

Jumatatu Muzee Lukumani naye alikuja na wazee wawili. Walitaka nitamke shahada mbele yao. Niliitamka mara tatu, nikaongeza sura mbili kwa zawadi, nikawapa chai. Walikunywa ya kwanza. Ya pili wakakumbuka kwamba fundi iko jikoni, wakasema wana haraka.

Kwa hiyo sikufa na sikubatizwa. Kazi inaendelea. Leo meza ya kukatia imesimama. Nimeweka mikono juu yake, Zaina, na mabega yangu yalibaki chini, mahali pake. Sikujua kama mabega yanaweza kupika bila kupanda. Nilikata karoti kumi ambazo sizihitaji.

Baba yako aliye hai,
Idi


Likasi, tarehe 21 Mei 1970

Zaina,

Salaam. Natumaini nyumba yako ni nzima na watoto wako shuleni. Minye niko sawa. Leo sitaandika mizaha mingi, kalamu ni nzito.

Jikoni imekwisha siku tano mbele ya Maulidi. Ngoja nikuambie jinsi ilivyo, kwa sababu ulisoma kwa masista na unajua kuona kitu kwa maneno. Kuta ni nyeupe, chokaa ya Kakontwe, mikono miwili ya rangi. Kabati zote ni mulombwa, chini na juu, na ile ya juu naifungua bila kuinua kisigino. Iko kabati ya unga yenye mulango wa kuinamisha, unga unakuja wenyewe mbele. Iko nyingine yenye waya mwembamba badala ya ubao, ya samaki wakavu, wapumue. Tiruwari sita za visu na miiko. Unavuta kwa kidole kimoja, inakuja bila kulia. Na pembeni, Mathieu ameacha shimo chini ya bomba la moshi, la mbabula, jiko la makala, na kiti kifupi kimeshikana na kabati, ili nisonge bukari nimekaa, sufuria kati ya miguu, kama mama yako alivyosonga. Jambo hilo sikumuambia. Aliniona nimesonga siku moja, akarudi kwake, akakuja na kiti.

Siku ya Maulidi nilipika pilau ya watu sitini. Iliki, mdalasini, nyama ya mbuzi, mchele kila punje na njia yake. Nimepikia konsuli, lakini pilau ile konsuli hakuistahili.

Hakuna muntu alikuja.

Musikitini walikula, sufuria ilitoka kwa mwengine. Nikasema labda wana aibu, wacha nichukue hatua minye. Nikafunga sahani kwa vitambaa, nikapitisha nyumba kwa nyumba. Walipokea kwa mikono miwili, wakasema Mungu akubariki. Saa kumi sahani zilirudi moja moja, na vitambaa vimefungwa na mafundo yangu yaleyale. Mama Philomène alirudisha yake mwenyewe. Aliniambia ananipenda kama kaka yake, lakini iko na wajukuu nyumbani.

Nikatuma habari kwa Mathieu, akuje na mukewe Clémentine na wana wao. Walikuja wamevaa nguo za Pasaka. Mathieu alisimama katikati ya jikoni aliyoijenga yeye mwenyewe, kofia mukononi. Akauliza:

«Muzee, nikae wapi?»

Nikafikiri anauliza juu ya viti. Kumbe hapana. Miaka kumi na tano watu wanamulipa kwenye geti. Hakuna nyumba hapa Likasi iliyowahi kumuambia ukae. Nikamukalisha mahali pangu. Wamekula, Zaina. Yule binti yake mukubwa alikula mupaka akalegeza mukanda. Lakini watu saba hawamalizi pilau ya sitini. Nimeila siku tatu, asubuhi na jioni. Ilikuwa nzuri mupaka mwisho, na hiyo ndiyo iliniudhi.

Wazee wamenishauri nivunje makabati, nichome, nimuite Georges. Nimewaambia wanaweza kuanza na minye.

Baba yako,
Idi


Kolwezi, tarehe 29 Mei 1970

Baba yangu,

Salaam aleikum. Sisi wazima. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye sahani zilizorudi nikakaa.

Nimelia, sikufichi. Nililia kwa ajili yako na kwa ajili ya yule Mathieu ambaye simjui. Halafu nimekasirika, kwa sababu umenifundisha hivyo, machozi kidogo halafu kazi.

Baba, umepata jikoni na umepoteza avenyu. Ulikuwa unaniambia hutaki kukaa ukingojea sahani. Sasa unakaa ukingojea watu, na hiyo ni bora? Niambie jambo moja tu, na unijibu bila konsuli na bila treni. Ukianguka kesho, nani atakusikia? Mwezi wa kumi na mbili Mama Philomène aliruka ua wa lupango. Leo hataki hata sahani yako ipite mlangoni kwake. Ndicho ninachoogopa, si mbao.

Kwa hiyo nimeamua, na Nicolas amekubali. Jumamosi tarehe 6 Juni atakuja na kamyo ya rafiki yake na wabebaji wawili. Kabati zako utazileta, tutazipachika huku kwenye jikoni yangu. Nitakuachia meza yote. Nitapika nimeinama, sijali. Georges atatafuta mtu wa nyumba.

Usibishane na Nicolas. Yeye ni mpole, utamshinda, ndiyo maana nakuomba.

Mtoto wako,
Zaina


Likasi, tarehe 7 Juni 1970
Kwa mukono wa Nicolas

Zaina mutoto wangu,

Barua hii inakuja na bwana yako, na bwana yako anakuja bila minye. Mukaribishe vizuri, hana kosa. Wote tuko wazima, na yeye ameongezeka kilo.

Umeniuliza swali moja, bila konsuli. Nitakuambia wazi. Usiku ule niliosoma barua yako nilifunga kisanduku cha visu vyangu kwa kamba, tayari kwa safari. Weye pekee ndiye unayejua hiyo.

Jana asubuhi kamyo ikasimama mbele ya nyumba. Nicolas alinisalimia, akavua koti, akapakia kitanda changu, halafu akaanza na makabati kama ulivyomutuma. Wabebaji wakavuta. Haikutoka. Wakaleta nyundo, wakatafuta musumari wa kung'oa, hakuna. Mathieu amefunga mbao ndani ya mbao na mbao ndani ya ukuta. Saa moja nzima watu watatu walizunguka jikoni yangu kama nzi kwenye chupa. Nicolas akasema, Papa, hii haitoki mupaka tubomoe ukuta. Nikamuambia ukuta ni wangu, lakini nyundo ni yako, fanya kama mukeo alivyosema.

Alipoinua nyundo, kelele ikatoka barabarani. Wajirani wote walikuwa getini, hata Muzee Lukumani na fimbo yake. Walikuwa wameona kamyo na wameona kitanda changu kimefungwa juu yake. Mama Philomène alisukuma wabebaji, akaingia. Jikoni, Zaina, na miguu yake miwili. Akasimama kati ya Nicolas na kabati ya unga. Alisema hivi, naandika kama alivyosema:

«Chakula chake sili, na sitakula. Lakini muzee huyu ni wetu. Akianguka tutamuokota sisi, hamutamubeba kama gunia.»

Nicolas akamuuliza, mama, kama hutaki hata sahani yake, utaingiaje humu kumuokota? Akamujibu kwamba iko ndani tayari, na kama Nicolas iko na macho amuangalie. Kweli alikuwa ndani. Nafikiri yeye mwenyewe alikuwa hajaona. Alitazama mulombwa pande zote, alishika mulango mumoja, aliufunga, aliufungua tena. Halafu akasema makala yangu ni mabichi, atanituma kwa muuzaji wake.

Kitanda wajirani wamekishusha wenyewe, getini kwa mikono kumi.

Nilipika. Nicolas alikula sahani tatu, wabebaji sikuwahesabu. Mathieu alikuja, akakaa bila kuuliza. Muzee Lukumani alikubali chai ya pili, lakini aliinywa uwanjani, na Mama Philomène hakuweka kitu mudomoni, alikaa mulangoni mikono kifuani kama polisi. Sitakudanganya kwamba wamebadilika. Wananiogopa na wananilinda, mambo yote mawili siku moja. Minye nalikubali hilo. Wakubwa niliowapikia walinisifu kila siku, na hakuna hata mumoja angesimama mbele ya nyundo.

Kwa hiyo jibu lako ni hilo. Wananisikia. Visu nimevifungua, kila kimoja kimerudi ndani ya tiruwari yake. Nyumba haiuzwi, umuambie Georges. Na minye sitoki humu kwa kamyo, wala kwa treni, wala kwa machozi yako, hata kama machozi yako yananiuma kuliko magoti.

Baba yako, wa avenyu hii,
Idi


Kolwezi, tarehe 13 Juni 1970

Baba,

Salaam aleikum. Sisi wazima. Nicolas alishuka kwenye kamyo tupu anaimba, na tangu siku ile anaweka kijiko chini na kutazama chakula changu kwa huruma. Usimcheke.

Usifikiri umenishinda. Nimesoma barua yako mara nne na sijakubali. Mama Philomène ni mwanamke mzima, nitamletea kitenge, lakini ana miaka sitini na sikio moja. Mathieu ana kazi zake. Wewe una magoti yale. Niko na maneno mengi ya kukuambia, na kwa karatasi unapenyeza mizaha kati ya maneno yangu, siwezi kukushika.

Kwa hiyo mimi na watoto wote watatu tunapanda treni. Tutafika Ijumaa tarehe 19, Mungu akipenda na treni ikikubali. Nitakaa mwezi mzima. Nakuja kugombana nawe uso kwa uso, ndani ya hiyo jikoni, na milango iwe wazi avenyu yote isikie. Mwambie Mathieu na Clémentine waje na wana wao.

Watoto hawajui kuogopa fundi yeyote, na wana njaa tangu Nicolas alipowasimulia. Weka sufuria kubwa.

Mtoto wako ambaye hajakubali,
Zaina